Mapezi ya skuba: jaribu kurudi nyuma kwanza

Kama unachagua mapezi ya kuvaa miguuni unapozamia na mtungi wa hewa (skuba), kati ya yale ya ubapa mzima na yale yaliyopasuliwa katikati, usiyapime kwa spidi. Vaa, ingia kwenye bwawa, tulia umelala kifudifudi karibu na sakafu halafu jaribu kurudi nyuma na kugeuka hapohapo bila kutumia mikono. Mimi nimejifunza hii juzi tu na imenisaidia kweli. Ubapa mzima mgumu unashika maji hata ukiusukuma kwa ubavu, kwa hiyo teke la chura (miguu inafunguka pembeni halafu inafungwa) linaenda na kurudi nyuma kunawezekana, lakini ule uliopasuliwa umetengenezwa kwa miguu inayopiga juu chini, mateke madogo ya harakaharaka, ukiupeleka pembeni unalegea tu, maji yanapita katikati na wewe uko palepale. Na ukielea karibu juu ya mchanga au matumbawe ndo utaona umuhimu, maana teke la juu chini linatimua vumbi lote la chini na mwenzako nyuma haoni kitu.

Ila jaribio hili halifai kama hujajua bado teke la kurudi nyuma, hapo kila pezi litafeli. Na kama magoti au vifundo vinakuuma, yaliyopasuliwa ni mepesi kwa mguu, chukua hayo bila wasiwasi. Kitu kingine, jaribu ukiwa na buti zako zilezile za kuzamia, la sivyo saizi itakudanganya.