Namna ya Kupambanua Utawala wa Gavana Mwanajeshi na wa Gavana Raia

Mwanafunzi wa historia hapa Iringa anapopewa swali kuhusu Malta, kisiwa kilichokuwa ngome ya Waingereza katika Bahari ya Mediterania, asikimbilie kumpima gavana kwa magwanda yake. Aanze kwa kuuliza ni nani aliyewaamuru askari wa ngome. Thomas Maitland, gavana kuanzia 1813, alikuwa jenerali, na shughuli za kiraia na za kijeshi zote zilikuwa mikononi mwake. Mwaka 1847 aliteuliwa Richard More O'Ferrall, raia wa kwanza kushika cheo hicho, na kikosi kikawa chini ya ofisa mwingine.

Hatua ya pili ndiyo nzito, nayo wengi huiruka: achunguze ni nani aliyetunga sheria na ni nani aliyeweza kuzisimamisha. Malta ilipata serikali ya ndani mwaka 1921 wakati gavana alikuwa Plumer, mwenye cheo cha fildi mashali, ingawa ulinzi na mambo ya nje vilibaki kwa Waingereza. Kwa hiyo mwanajeshi alisimamia kupunguzwa kwa madaraka ya kiti chake mwenyewe. Katiba hiyo ilisimamishwa mwaka 1930, ikasimamishwa tena 1933, na hatimaye ikaondolewa 1936. Anayetazama orodha ya majina na vyeo peke yake hawezi kuyaona mabadiliko hayo.

Wakati wa vita hauhitaji maelezo marefu: Mei 1942, kisiwa kikiwa kimezingirwa na kupigwa mabomu, Jenerali Dobbie alimpisha Gort, naye pia mwanajeshi.

Baada ya hapo ajaribu njia hiyohiyo nyumbani, maana ndipo inapothibitika vizuri. Kuanzia 1906 gavana wa Kijerumani aliyekaa Dar es Salaam, Albrecht von Rechenberg, alikuwa raia; hata hivyo, hadi 1914 Iringa na Mahenge zilikuwa bado wilaya za kijeshi, ambako ofisa wa jeshi ndiye aliyesimamia kodi na kuamua kesi za wananchi. Mwalimu na awaagize wanafunzi wachore jedwali lenye safu tatu, yaani gavana, mkuu wa askari na mwenye uwezo wa kusimamisha sheria, kisha walijaze mara mbili: kwa Malta, halafu kwa Iringa.