Ukiumia Kazini Kigoma: Haki Zako na Hatua za Kufuata

Kibarua anayepakia saruji kwenye bandari ya Kibirizi, Kigoma, kidole chake kikibanwa kati ya ubao na ubavu wa boti, huenda akapelekwa hospitali na msimamizi wake mwenyewe, na njiani akaombwa jambo linaloonekana dogo: akiulizwa, aseme ameanguka nyumbani. Asikubali. Kauli hiyo ikishaandikwa kwenye faili la mgonjwa, ndiyo itakayosomwa miezi kadhaa baadaye na mtu anayepima kama jeraha lilitokana na kazi au la. Mweleze daktari mahali ulipoumia, saa, kazi uliyokuwa ukiifanya na aliyekuagiza, kisha uombe nakala ya maelezo hayo kabla hujaondoka.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa haki hii ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la WCF. Michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo makato yoyote ya mshahara yanayodaiwa kuwa ni ya WCF si halali. Tena huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea; kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi.

Mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, wewe mwenyewe au kupitia ndugu. Taarifa ya mdomo inakubalika, lakini mimi ningeandika barua fupi, au walau ujumbe wa simu unaobaki na tarehe. Mwajiri akishapata taarifa, anapaswa kuifikisha kwa Mfuko ndani ya siku 7. Akikaa kimya, usikae kimya pamoja naye: wasiliana na Mfuko moja kwa moja au umwone afisa kazi wa mkoa, kwa kuwa ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 inaweza kukupotezea haki yote.

Ugumu mkubwa kwa vibarua ni kuthibitisha kwamba waliajiriwa, maana wengi hawana mkataba wa maandishi. Hapa vitu vidogo vina uzito: ujumbe wa malipo kwenye simu, picha ya ukurasa wa daftari la mahudhurio, majina ya wenzako wawili mliokuwa zamu moja. Wavuvi wa dagaa wanaolipwa kwa mgawo wa mavuno huambiwa kwamba wao ni wabia. Hilo halimalizi hoja, kwa sababu Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inatazama hali halisi, kama vile nani anayeelekeza kazi na vifaa ni vya nani, badala ya jina walilopewa.

Mafao ni pamoja na matibabu, utengemao (huduma za kumsaidia aliyeumia arudi katika hali ya kujitegemea), na malipo ya ulemavu wa muda ambayo ni asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake wana haki ya kulipwa, pamoja na msaada wa mazishi. Kabla ya kutia saini karatasi yoyote ya "tumemalizana" kwa shilingi laki mbili, pima kwanza kiasi hicho dhidi ya haki hizi.

Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, huo ni mgogoro mwingine, na hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, hata kama bado umelala wodini.