Somo: Mbolea na maji kwa mzabibu wa uani, ili zabibu za kiangazi ziwe tamu

Hapa Dar es Salaam mzabibu haupumziki wenyewe kama katika nchi za baridi. Mkasi ndio unaouanzisha upya. Kwa kuwa zabibu huchukua takriban miezi minne tangu kupogolewa hadi kuiva, anayepogoa katikati ya Septemba huvuna Januari au Februari, mvua za vuli zikiwa zimepungua na masika hayajaanza.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupogoa, chimba mfereji mfupi kulizunguka shina, nusu mita kutoka shinani, utie debe moja la samadi iliyooza vizuri, ufukie na kumwagilia. Kichanga chetu hakishiki maji wala mbolea, hivyo tandaza majani makavu juu yake.

Hatua ya pili: machipukizi yakishatoka, weka kidogo CAN, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, kisha matunda yakishashika uache kabisa mbolea za naitrojeni. Mwenye kuendelea na urea hupata kivuli kizuri cha kupumzikia, na zabibu chachu.

Hatua ya tatu: punje zikifikia ukubwa wa njegere, weka potashi, ambayo husaidia sukari kutoka majanini kwenda kwenye matunda. Chagua ya salfeti badala ya ile ya kloridi, hasa ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, kwa sababu mzabibu hauvumilii kloridi. Dalili ya kloridi kuzidi ni kingo za majani kuungua.

Hatua ya nne: mwagilia shinani asubuhi, maji mengi kwa mara chache, bila kulowesha majani, maana unyevu huleta ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu. Punje zikianza kubadilika rangi, punguza maji kidogo kidogo, lakini usiyakate, kwani majani yaliyonyauka hayatengenezi sukari.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, zangu ni nyekundu lakini chachu. Nikizivundika zitaiva kama embe?* (Kigamboni)

Hapana, dada. Zabibu haiongezi sukari ikishakatwa. Onja punje ya ncha ya kishada, ambayo kwa kawaida huchelewa kuiva, kisha uipasue: kokwa za kijani zinakuambia usubiri, za kahawia zinakuruhusu kuvuna.

*Mvua ya ghafla ikinyesha karibu na kuvuna, punje hupasuka. Nifanyeje?* (Tabata)

Kaka, hupasuka zaidi pale udongo uliokauka kabisa unapolowa kwa mkupuo. Dumisha unyevu kidogo chini ya matandazo, na punje zilizokwisha kupasuka uziondoe siku hiyohiyo kabla hazijaozesha kishada kizima.