Banda zuri la simbilisi la kuweka sebuleni, plaiwudi moja inatosha

Kwanza tuelewane, simbilisi sio pimbi. Nasema hivi kwasababu siku naleta wangu wawili hapa Nyegezi, Mwanza, jirani alichungulia kwenye boksi akacheka mpaka akakaa chini, eti baba nanihii umenunua pimbi kwa hela na mawe yote haya yamejaa pimbi wa bure. Pimbi ni yule wa kwenye mawe, anapanda jiwe kama anapanda ngazi. Simbilisi asili yake ni huko milima ya Andes, Amerika ya Kusini, hana mkia, hajui kupanda na kuruka kwenyewe ni kule kurukaruka kwa furaha tu akishiba. Peru mpaka leo wanamfuga kwa kitoweo, na hapa kwetu pia wapo wanaomla, sina ugomvi nao, ila mi naongelea wale wa kufuga kwa kuwapenda, wa watoto.

Na hiyo ya kutokupanda ndo inaamua banda lote. Mnyama asiyepanda haitaji ghorofa, anataka uwanja.

Banda langu la kwanza sikulijua hilo. Nilienda kwa fundi nikamwambia nataka banda, akaniuliza "kaka, la kuku au la sungura?" nikajibu la sungura sungura hivi, basi akanipigia kile kisanduku kirefu chenye wavu chini ili kinyesi kidondoke chenyewe. Kwa macho lilikuwa safi sana. Wiki ya tatu hivi mmoja akaanza kuchechemea, nikamgeuza tumbo juu, nyayo imevimba nyekundu na katikati kuna kigaga cheusi kama punje ya mtama. Daktari wa mifugo hata dawa hakuanza nayo, alianza na "toa huo wavu". Sungura nyayo zake zina manyoya mazito, simbilisi nyayo zake ni ngozi tupu, ukimsimamisha kwenye waya mchana na usiku ni kama wewe kulala kwenye ngazi. Kwaiyo sakafu ni ya mbao, imefunikwa, full stop.

Sasa ukubwa. Kwa simbilisi wawili futi 4 kwa 2 ndo la mwisho chini ya hapo usishuke, ila mi nakushauri upige 5 kwa 2 na nusu kwasababu plaiwudi ile ya futi 8 kwa 4 inakubali kabisa na unabaki na kipande. Na ndio nimesema wawili, usifuge mmoja, hawa wanaishi kwa makundi, mmoja anakaa kona anazubaa tu. Chukua majike wawili, na uwakague vizuri kabla hujalipa maana mi niliuziwa "majike wawili" na baada ya miezi miwili na siku kadhaa nikaamka nikakuta wako watano. Watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, siku hiyohiyo wanakimbia, na jike anaweza kushika mimba nyingine siku hiyohiyo aliyozaa, kwaiyo ukichelewa kutenganisha hilo banda unalojenga litakuwa dogo kabla rangi haijakauka.

Ukataji uko hivi. Chukua plaiwudi ya milimita 12. Toa sakafu ya 5 kwa 2½ kwenye kona moja. Pembeni yake unabaki na utepe wa futi 5 kwa 1½, huo ndo ukuta wa nyuma, hauukati tena. Upande wa pili kimebaki kipande cha 3 kwa 4, hapo toa viwili vya 1½ kwa 2½, hizo ni kuta za ubavuni. Bado una kipande cha 3 kwa 1½, kiweke pembeni kitatengeneza vibanda vyao vya kujificha. Mpelekee mwenye mashine akukatie, ni dakika kumi na inakuwa mraba kweli, mi nilijifanya mwamba nikakata kwa msumeno wa mkono na ukuta mmoja mpaka leo umeinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Fremu ni mbao za inchi mbili kwa mbili, tano za futi 12 zinatosha. Nguzo nne za futi 3½, yaani futi 2 za miguu na futi 1½ za ukuta. Za urefu nne za futi 5, mbili juu mbili chini. Za upana tano za futi 2½, ile ya tano inapita katikati chini ya sakafu isibonyee. Mbao za paini zinafaa, ila angalia zile za kijani kijani zilizopigwa dawa, miguuni sawa lakini usiziweke popote meno yanapofika, na kumbuka meno ya simbilisi yanaota maisha yake yote kwaiyo kutafuna kwao ni lazima. Toboa kwanza ndo uweke skrubu, na gundi ya mbao kila kiungo.

Kabla hujafunga hata skrubu moja PIMA MLANGO WA NYUMBA. Mi nilijengea nje uani, likapendeza, nikaita vijana wawili tubebe, likagoma mlangoni kwa inchi mbili tu. Mama watoto alisimama ndani ameshika kiuno hasemi kitu, na kunyamaza kule ndo kubaya. Tulifungua miguu yote upya. Tangu hapo miguu naifunga kwa bolti sio skrubu, siku ya kuhama chumba unafungua kwa spana unalaza ubavu unapita.

Mbele ndo pana kazi na ndo panafanya banda liwe zuri au liwe tenga la kuku. Chini kabisa weka ubao wa inchi moja kwa sita, urefu futi 5, wa kuzuia takataka zisimwagike sebuleni. Huo ubao USIUPIGE MISUMARI. Pigilia vijiti viwili viwili kila nguzo viache mfereji kati yake, ubao unaingia kutokea juu kama kile kibao cha kufungia dirisha la kibanda cha duka. Siku ya usafi unauchomoa, unakokota uchafu wote na kifagio moja kwa moja kwenye ndoo, dakika tano umemaliza. Kati ya vitu vyote nilivyofanya hiki ndo najivunia, maana banda gumu kusafisha linanuka, na likinuka hata ukilichora maua linatolewa nje.

Juu ya ubao unabaki na inchi 12, hapo weka vimilango viwili vya wavu vinavyofunguka kushuka chini, bawaba mbili mbili na komeo. Kwanini mbele na sio juu? Kwasababu mkono unaotoka juu kwao ni mwewe. Watoto wakiwachukua kwa mbele utaona tofauti ndani ya wiki. Wavu uwe wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ule wa kuku wenye matundu makubwa panya mdogo anapita na kitoto cha simbilisi kinaweza kunasa kichwa. Ncha za wavu zifiche chini ya vijiti, pitisha kidole pote, kikikwaruza wewe kitamkwaruza na yeye.

Mfuniko wa juu tengeneza vipande viwili kwa mbao nyembamba za inchi moja kwa mbili ili mkono mmoja uweze kunyanyua. Wao hawawezi kutoka kwenye ukuta wa futi 1½, mfuniko ni wa kuzuia wanaoingia. Mi kwa ubahili nilienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba nikachukua kipande cha nyavu chakavu ya sangara nikatandaza juu, ikapendeza balaa, kila mgeni anasifia. Usiku wa pili paka wa jirani akaingia dirishani akajilaza juu yake kama kwenye bembea, nyavu imeshuka katikati mpaka tumbo lake linagusa nyasi, na chini wale wawili wamejibana kwenye kona hawapumui. Nikaweka wavu wa chuma asubuhi yake.

Sakafu: tandika kapeti la plastiki, lile la maua maua linalouzwa kwa mita, ulikate kubwa ili lipande ukutani inchi 4 pande tatu, kingo zake uzibane kwa vijiti wasipate pa kuanzia kutafuna. Mkojo wao una chokaa, ukikauka unaacha ukoko mweupe ambao sabuni haitoi, mwagia siki uache robo saa unafutika. Juu ya kapeti weka maranda ya seremala kama inchi 2. Maranda, sio unga wa mbao, unga unaingia puani wanaanza kupiga chafya na mapafu ya hawa ni mepesi kuumwa. Muulize fundi kama kuna mbao za dawa zimechanganyika na kama yananukia makali kama kafuri yaache. Kinyesi toa kila siku, maranda yote badilisha kila wiki.

Ndani sasa. Vibanda vya kujificha viwe viwili na kila kimoja kiwe na milango miwili, hii watu wengi wanakosea, kikiwa na mlango mmoja yule mbabe anaziba mlangoni mwenzie anashinda njaa humo. Kimoja nilikitengeneza kwa kile kipande kilichobaki, kingine ni chungu kilichopasuka mdomo, nikakiongeza tundu la pili nyuma nikasugua kingo kwa jiwe. Joto likizidi wote wanahamia kwenye chungu, udongo unakaa baridi. Maji kwenye bakuli zito la udongo, jepesi wanalipindua. Nyasi usizimwage chini, watazikojolea, chukua kikapu cha plastiki cha matundu makubwa kifunge ukutani usawa wa kichwa chao wavute taratibu. Nyasi ndo chakula chenyewe, ziwepo saa zote, na kwasababu miili yao haitengenezi vitamini C kama ambavyo sisi wenyewe hatutengenezi, kila siku wape kipande cha hoho. Parachichi kamwe, majani ya nyanya na ya viazi mviringo kamwe, na gugu maji la ziwani achana nalo hata kama ni la bure, lile linanyonya kila uchafu ulioko kwenye maji.

Pa kuliweka. Simbilisi joto likivuka nyuzi 27 anaanza kuteseka na kwenye 30 ni hatari, na mchana wa Mwanza unafika huko bila kutokwa jasho. Chumba cha bati bila dari sahau. Na hili la kwetu wa milimani, usiliegemeze banda kwenye ukuta uliopakana na jiwe kubwa linalopigwa na jua la jioni, lile jiwe linahifadhi joto kama chungu cha ugali, saa nne usiku bado linatoa. Mi langu liko ukuta wa upande wa ziwa, upepo unapita juu ya mfuniko lakini hauwapigi moja kwa moja. Siku mbaya nagandisha maji kwenye chupa naifunga kitambaa nailaza ndani, wanakuja wenyewe kuegemea. Alafu taa isiwe juu ya banda, mkiishi karibu na ziwa mnajua zile siku wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi, asubuhi bakuli la maji limekuwa uji. Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo, kama bibi alivyokuwa anafanya kabati la chakula, siafu hawapandi.

Rangi nimeiacha mwisho makusudi maana kila mtu anataka kuanza nayo. Ndani usipake kabisa. Nje piga msasa, paka rangi isiyo na madini ya risasi, na liache wiki mbili kwenye upepo mpaka ukiweka pua husikii kitu ndo uingize wanyama. Nilitaka kupaka kahawia lifanane na makochi, wanangu wakakataa, wakataka liwe kama mtumbwi. Basi nikamtafuta kijana anayechora mitumbwi, akaja na makopo yake matatu, bluu chini, mstari mweupe, juu nyekundu, na kwenye ule ubao wa mbele akauliza "mzee, jina niandike nani?" maana kwake chombo hakitoki bila jina. Watoto wakabishana kutwa nzima. Liliandikwa HARAKA YA NINI, kwa herufi zenye kivuli kama za kwenye mitumbwi ya Ukerewe, na chini ya banda, kwenye zile futi mbili za miguu, mama watoto akatundika kanga ya rangi hizohizo, nyuma yake tunaficha gunia la maranda na ndoo.

Ukishawaingiza siku mbili tatu za kwanza hawatatoka kwenye vibanda, waache, usiwavute, weka nyasi na hoho ondoka. Wa kwangu walitoka siku ya nne, mlango wa friji ulipofunguliwa, wakapiga kelele wiiik wiiik mpaka mgeni aliyekuwa kwenye kochi akanyanyua miguu.