Kuchagua mtaa wa kulea watoto: pima kwanza njia ya shule

Dalali humpeleka mteja kuona nyumba saa 4 asubuhi. Watoto wako madarasani, wakubwa wako kazini, barabara imetulia, na mtaa wowote ule huonekana mwema. Unaotakiwa kuujua ni mtaa wa saa 12 na nusu asubuhi na wa saa 3 usiku. Na kabla ya kukagua vyumba, kagua njia atakayopita mtoto kutoka mlangoni hadi geti la shule. Hapo ndipo shule na usalama hukutana. Anayevipima kimoja kimoja huishia na shule nzuri iliyo ng'ambo ya barabara kuu isiyo na kivuko.

Anza na karatasi. Andika mstari kwa kila mwaka wa miaka 8 ijayo, na mbele yake darasa atakalokuwa kila mtoto. Familia nyingi huhama kwa ajili ya mtoto mkubwa aliyebakiza miaka 2 ya shule ya msingi, kumbe mdogo ndiye atakayeishi na uamuzi huo muda mrefu zaidi. Mtaa wenye shule ya awali nzuri na sekondari iliyo mbali unaweza kukufaa, mradi ujue mapema ni mwaka gani safari itaanza kuwa ndefu.

Kisha piga hesabu ya safari. Mzazi anayemsindikiza mtoto kwa dakika 25 hutembea mara 4 kwa siku: kwenda na kurudi asubuhi, kwenda na kurudi jioni. Hiyo ni dakika 100. Kwa siku 190 za masomo, ni saa zaidi ya 310 kwa mwaka. Mtoto wa miaka 6 hutembea kama kilomita 3 kwa saa, hivyo kilomita 1 ni dakika 20, na ramani ya simu inayosema dakika 12 inamzungumzia mtu mzima.

Itembee njia yenyewe siku ya masomo, wakati ule ule watoto wanapotoka nyumbani. Kwenye kila kivuko chuchumaa hadi macho yako yafike usawa wa mtoto. Gari lililoegeshwa ambalo wewe unaona juu yake linaweza kuwa ukuta kwake. Pima mita 100 kando ya barabara na uhesabu kwa saa ya simu: gari linalozimaliza kwa sekunde 12 linakwenda kilomita 30 kwa saa, sekunde 7 ni kama kilomita 50, na sekunde 6 ni 60. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka kama mara nne. Wazazi wengi huogopa vibaka kuliko magari, lakini kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Uhalifu nao una hesabu yake, na hukosewa mara nyingi. Idadi tupu ya matukio haisemi kitu. Mtaa wa watu 20,000 uliopata matukio 60 kwa mwaka una matukio 3 kwa kila wakazi 1,000. Wenye watu 4,000 na matukio 25 una zaidi ya 6. Walakini mtaa wenye stendi au soko hutoka vibaya kwenye hesabu hii kwa sababu waibiwao wengi ni wapita njia, wasiohesabiwa kama wakazi. Kwa hiyo uliza aina ya tukio, saa na mahali. Kuporwa simu kituoni saa 4 usiku ni jambo moja, kuvunjiwa nyumba mchana watu wakiwa kazini ni jingine kabisa.

Usiwaulize wenyeji kama mtaa ni salama. Watakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize mlinzi wa usiku, mwenye duka na mama mwenye watoto: mtoto wake hutumwa dukani peke yake akiwa na umri gani, na nguo zikichelewa kukauka huachwa kambani usiku? Pita saa 3 usiku uhesabu taa za barabarani zinazowaka, si nguzo. Njia yenye maduka na vibaraza vinavyotazama barabara ina mashahidi, ilhali kichochoro cha kuta ndefu pande zote mbili, hata kama nyumba zake ni za kifahari, hakina.

Sasa shule. La kwanza si ubora bali nafasi. Katika miji mingi anwani ya makazi ndiyo huamua mtoto aandikishwe wapi, na mpaka unaweza kupita katikati ya mtaa mmoja. Mpaka huo hubadilika pia. Neno la dalali kwamba "shule ni hiyo hapo" halitoshi. Peleka anwani kamili kwenye ofisi ya shule, upate jibu la maandishi, na uulize kama darasa unalolihitaji limejaa.

Matokeo ya mitihani yasome ya miaka 3 hadi 5. Kwenye shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja tu ni asilimia 5 ya ufaulu, kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kupanda au kushuka bila sababu yoyote ya maana. Tazama pia waliopotea njiani. Darasa lililoanza na wanafunzi 60 likatoa watahiniwa 41 lina maswali 19 ya kujibiwa; zipo shule zinazowarudisha darasa au kuwahamisha wanafunzi dhaifu ili wastani upendeze.

Kisha nenda siku ya kawaida, si siku ya wageni. Tazama nani anawapokea watoto getini, na kama milango ya vyoo hufungika kwa ndani. Uliza ni walimu wangapi walioondoka mwaka uliopita, na mwalimu akiugua nani huingia darasani. Uliza kesi ya mwisho ya uonevu ilimalizwaje. Shule inayosema haijawahi kuwa na uonevu haijautafuta.

Rudi mara moja baada ya mvua kubwa. Alama ya maji ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa na mitaro iliyojaa taka vinakueleza kitakachotokea msimu ujao. Gari la zimamoto huhitaji njia ya takriban mita 3.5 hadi 4. Kama pikipiki mbili hupishana kwa shida, umejua.

Ukifika kwenye kulinganisha mitaa, usikimbilie kujumlisha alama. Jumla huficha: alama 9 za shule hufunika 2 za mafuriko, na wastani unaonekana safi. Ondoa kwanza mitaa yenye kasoro isiyovumilika, yaani maji kuingia ndani, barabara ya kasi isiyo na kivuko, au shule isiyo na nafasi. Iliyobaki ndiyo ipewe alama, na njia ya shule ipewe uzito mkubwa kuliko ukubwa wa sebule.

Kabla ya kununua, ishi kwanza mtaani humo kama mpangaji kwa muda unaojumuisha muhula mzima na msimu wa mvua. Jibu la shule lipatikane kabla ya kulipa kodi. Kama shule nayo inadai kwanza uthibitisho wa makazi, mwombe mwenye nyumba aweke kwenye mkataba kipengele cha kurudisha amana iwapo mtoto hatapata nafasi kufikia tarehe mliyokubaliana. Wengi watakataa. Anayekubali, aandike na kutia saini. Ahadi ya mlangoni haina pa kushikiwa.