Namna ya kuhakikisha glukometa ya pediatri inasoma sawasawa

Huku Lubumbashi, mtoto mwenye malaria kali hupimwa sukari ya damu palepale kitandani kwa glukometa, mashine ndogo ya mkononi. Ikiwa chini ya 54 mg/dL (miligramu kwa desilita) kwa mtoto wa chini ya miaka 5, au chini ya 40 kwa mkubwa zaidi, anapewa glukozi bila kusubiri labo. Namba hiyo ikikosea, mtoto anaweza kufa mbele yetu.

Hatua ya 1. Kila glukometa iwe na namba yake na daftari lake. Andika loti (namba ya toleo) ya bandeleti, yaani vijiti bapa vinavyotiwa damu, na siku kopo lake lilipofunguliwa.

Hatua ya 2. Linda bandeleti. Nyingi hazitakiwi kupita nyuzijoto 30, na Oktoba chumba chenye paa la bati huvuka hapo. Weka kipimajoto ndani ya kabati, ukisome mchana jua likiwa kali. Mvua zikianza, adui ni unyevu: kopo lifungwe papo hapo.

Hatua ya 3. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, infirmie (muuguzi) wa zamu apime kwa mkono wake maji ya kontroli, yaani maji yenye sukari ya kiwango kinachojulikana. Asifanyiwe na mtu wa labo, maana tunachunguza pia namna anavyopima. Pesa ikitosha kiwango kimoja tu, nunua cha chini. Wengi hununua cha kawaida, lakini uamuzi mzito kwa watoto uko kule chini. Rudia kontroli ukifungua kopo jipya, au mashine ikianguka.

Hatua ya 4. Weka nukta ya kila jibu la kontroli kwenye grafu iliyobandikwa ukutani. Mwanzoni fuata mipaka iliyoandikwa kwenye kopo. Ukifikisha vipimo 20, piga wastani na mkengeuko sanifu (SD), uchore mistari ya SD 2 na SD 3. Nukta moja ikitoka nje ya SD 3, au mbili mfululizo nje ya SD 2 upande uleule, mashine isimame. Jaribu bandeleti mpya, kisha chupa mpya ya kontroli. Usirudie-rudie mpaka namba ikupendeze! Halafu wapime upya wagonjwa waliopimwa tangu kontroli ya mwisho iliyokuwa nzuri.

Hatua ya 5. Kila mwezi linganisha glukometa na labo: damu ya kidole na ya mshipa zitolewe kwa wakati mmoja. Plazma (maji ya damu yasiyo na chembe) itenganishwe haraka, kwani sukari ndani ya chupa hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Chini ya 100 mg/dL tofauti isizidi 15 mg/dL. Kuanzia 100, isizidi asilimia 15.

Hatua ya 6. Kuna kosa ambalo kontroli haiwezi kukuonyesha. Damu yenye chembe nyekundu chache hufanya glukometa nyingi zisome sukari juu kuliko ilivyo, na malaria kali huja mara nyingi pamoja na upungufu wa damu. Soma karatasi ya maelezo ya bandeleti uone hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) inayokubalika, uibandike kando ya grafu. Mtoto aliyepoteza fahamu, viganja vyeupe, akisoma 60, usitulie: mwite daktari, tuma plazma labo, na glukozi isisubiri jibu.