Kifurushi cha mvinyo melini: piga hesabu kabla hujatia sahihi

Mhudumu anayekuja mezani kwako jioni ya kwanza na kijitabu cha vifurushi hana nia mbaya, ila ujue ana fungu lake humo. Kwenye meli nyingi za kitalii, ada ya huduma inayoongezwa juu ya kila kinywaji ndiyo inayojazia mishahara ya watu wa baa na wa mvinyo. Nimefanya kazi hiyo kwenye ukumbi wa chakula wa meli za Karibi na za Mediterania, na ninachokiandika hapa ndicho ninachowaambia ndugu na marafiki wanaponipigia simu wiki moja kabla ya kusafiri.

Neno lenyewe kwa kifupi: amua kwa idadi ya glasi mnazomaliza kweli mezani, si kwa punguzo lililoandikwa kwenye tangazo. Wanandoa wanaokunywa mvinyo jioni tu, na wengi wenu ndivyo mlivyo, hawahitaji kile kifurushi kikubwa cha vinywaji vyote. Wakati mwingine hata kile kidogo cha chupa hawakihitaji.

Hatua ya 1: Jua unauziwa kifurushi gani

Kuna aina mbili, na watu huzichanganya kila safari.

Aina ya kwanza ni kifurushi cha chupa. Unalipia idadi fulani ya chupa, tuseme tano au saba, kwa bei iliyo chini ya kununua moja moja. Chupa ni zenu, mnagawana mezani mnavyotaka, na isiyoisha leo inawekwa mpaka kesho.

Aina ya pili ni kifurushi cha vinywaji vyote, kinachotozwa kwa siku na kwa kila mtu. Hapo mvinyo unauziwa kwa glasi, pamoja na bia, vinywaji vikali, soda na kahawa za baa. Hiki kina masharti mengi zaidi. Kwenye kampuni kubwa za Marekani kama Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja chumbani akikinunua, mwenzake naye hununua. Huwezi kumpa mwenzako glasi yako. Ukinunua, unanunua kwa safari nzima. Carnival huweka kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24. Tena kuna kikomo cha bei ya glasi: ukiagiza mvinyo unaozidi kiwango hicho unaongeza pesa, au unalipa bei yote ya glasi, kutegemea kampuni.

Kichukulie kama bando la intaneti la siku: usipolitumia leo linakufa leo, halihamii kesho.

Hatua ya 2: Hesabu glasi zako, na uwe mkweli

Chupa ya kawaida ni mililita 750. Glasi ya mvinyo melini kwa kawaida ni kama mililita 150, kwa hiyo chupa moja inatoa glasi tano. Baadhi ya meli humimina zaidi kidogo, na hapo chupa inatoa glasi nne na ushei. Muulize mhudumu, anajua, maana anapimiwa.

Sasa chukua kalamu. Usiandike unavyotamani kunywa ukiwa likizo. Andika unavyokunywa kwenye harusi au kwenye chakula cha jioni na marafiki. Watu hudhani wakifika baharini watakunywa mara tatu. Jioni ya kwanza na ya pili ni kweli. Ikifika ya nne mtu amechoka na jua la kisiwa cha Cozumel kule Mexico, anaomba maji na kitanda.

Kuna mama mmoja kutoka Nakuru aliyesafiri na binti yake kutoka Miami. Alipoona jina langu kifuani akanigeukia kwa Kiswahili: "Mwanangu, niambie ukweli, hiki kitu kitanilipa?" Nikamuuliza, "Mama, nyumbani mnakunywa glasi ngapi?" Akacheka. "Mimi moja na nusu. Huyu mbili, akijua nimelala." Kwa jibu hilo tu, kifurushi cha vinywaji vyote kilikuwa kimeshatoka kwenye meza.

Hatua ya 3: Weka bei tatu kwenye karatasi moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chukua bei za meli yako kwenye programu yake ya simu au kwenye akaunti yako ya safari. Mimi nitatumia bei za mfano ili uone njia: glasi dola 13, chupa dola 48, kifurushi cha chupa tano dola 200, kifurushi cha vinywaji vyote dola 75 kwa mtu kwa siku. Ada ya huduma niweke asilimia 18. Kampuni nyingine hutoza 20. Ada hii ndiyo inayosahaulika, kwa sababu bei ya tangazo huandikwa bila hiyo.

Safari ni ya usiku saba, mpo wawili. Mmoja anakunywa glasi mbili kila jioni, mwingine moja. Hizo ni glasi 21.

Kwa glasi: 21 mara 13 ni dola 273. Ongeza ada, inafika kama dola 322.

Kwa chupa moja moja: glasi 21 ni chupa nne na glasi moja juu, kwa hiyo tano. Tano mara 48 ni 240, na ada ni dola 283.

Kwa kifurushi cha chupa tano: dola 200 na ada, yaani 236.

Kwa kifurushi cha vinywaji vyote: 75 mara siku saba mara watu wawili ni dola 1,050. Na ada, 1,239.

Tazama hiyo ya mwisho tena. Kwa bei hizi, ili dola 75 zirudi kwa mvinyo peke yake, kila mmoja wenu anywe glasi sita kila siku, pamoja na siku mtakazoshinda nchi kavu. Glasi sita ni mililita 900, zaidi ya chupa nzima kwa mtu. Sisemi hakuna wanaofika huko, nimewahudumia. Lakini hao hawahitaji mwongozo huu.

Kifurushi kikubwa huanza kuleta maana kwa mtu ambaye asubuhi anataka kahawa ya maziwa ya baa, mchana bia mbili kando ya bwawa, jioni mvinyo, usiku vinywaji vikali. Huyo apige hesabu ya vyote kwa pamoja. Ila kumbuka maji, chai na kahawa ya kawaida kwenye ukumbi wa kujihudumia kwa kawaida ni bure, kwa hiyo usiviingize ili kujipendeza.

Hatua ya 4: Soma sheria ya kubeba chupa yako

Wauzaji hawaisemi hii, na ndiyo inayobadilisha jibu mara nyingi. Royal Caribbean na Carnival huruhusu kila mtu mzima apande na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza, ikiwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalopelekwa chumbani na wapagazi. Kampuni ya Norwegian huruhusu chupa lakini hutoza ada kwa kila moja. Kampuni ya MSC hairuhusu kabisa kupanda na kilevi. Mtu mzima kwa safari zinazoanzia Marekani ni mwenye miaka 21. Nyingi za Ulaya ni 18. Sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo soma zilizo kwenye tiketi yako, si alizosimulia shemeji yako mwaka juzi.

Ukinywea chumbani mara nyingi hulipi zaidi. Ukiipeleka mezani unatozwa ada ya kufungua chupa. Carnival imekuwa ikitoza dola 15.

Rudi kwenye karatasi. Wawili mmebeba chupa mbili za dola 12 kutoka dukani, mmezifungulia zote mezani kwa dola 15 kila moja: jumla dola 54. Zimebaki glasi 11. Mkizinunua kwa glasi, na ada, ni kama dola 169. Jumla yote 223, chini ya kile kifurushi cha chupa tano cha 236. Tena zile glasi 11 mnachagua mtakacho: nyeupe na samaki leo, nyekundu na nyama kesho, na hamfungwi na orodha ya mtu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kwa wanywaji wa kiasi, kampuni ikiruhusu kubeba chupa, acha kifurushi. Isiporuhusu, kifurushi kidogo cha chupa ndicho cha kwanza kufikiria.

Hatua ya 5: Angalia ramani ya safari

Hesabu siku za baharini na siku za bandarini. Safari ya Karibi huwa na siku mbili au tatu za kukaa baharini, na hapo watu hunywa. Safari ya Mediterania inaweza kukupeleka Barcelona, Marseille, Livorno na Napoli siku mfululizo. Unashuka asubuhi, unarudi jioni, na chakula cha mchana umekila mjini ambako glasi ya mvinyo wa palepale ni nafuu kuliko ya melini na mara nyingi ni bora. Kulipia kifurushi cha siku nzima kwenye safari ya namna hii ni kulipia mchana usiokuwepo.

Usipange pia kununua chupa bandarini ukanywe chumbani. Kampuni nyingi huichukua mlangoni, hukupa risiti, na unarudishiwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka.

Hatua ya 6: Kagua orodha ya chupa, si idadi yake

Vifurushi vya chupa hupangwa kwa madaraja. Daraja la chini lina majina yanayouzika: Pinot Grigio ya Italia, Malbec ya Argentina, Merlot ya California. La juu yake unaanza kuona Sauvignon Blanc ya Marlborough kule New Zealand na Cabernet nzito zaidi. Omba orodha ya kifurushi na menyu ya kawaida ya mvinyo, uziweke pamoja. Kila chupa ya kifurushi itafute kwenye menyu uone bei yake. Utakuta nyingine zinauzwa dola 36 na nyingine 50 katika daraja lilelile. Anayechagua za 36 peke yake kwa kifurushi cha dola 200 ameongeza pesa: tano mara 36 ni 180. Chagua za juu ndani ya daraja lako, au usinunue.

Zile nzuri huisha. Meli ya wiki moja hupakia mzigo bandari ya nyumbani siku ya kubadilisha abiria, na katikati ya safari hakuna duka la kukimbilia. Mkishanunua, mwambie mhudumu jioni hiyohiyo mnazozitaka ili aziweke kando.

Mvinyo wenye mapovu usiuingize kwenye mpango wa kulaza nusu chupa mpaka kesho. Kesho yake mapovu yameshaisha, umebaki utamu bila uhai. Ufungue usiku mtakaoumaliza.

Hatua ya 7: Mkiununua, utumieni vizuri

Chupa isiyoisha tunaifunga kizibo, tunabandika karatasi yenye namba ya chumba na tarehe, inaingia kwenye friji ya ukumbi. Karatasi hiyo ndiyo kila kitu. Nimeona chupa mbili za Malbec zinazofanana zikibadilishana wenyewe kwa sababu moja ilibandikwa namba iliyofutika kwa maji ya barafu. Angalia mhudumu anapoandika.

Mkipanga kula kwenye mkahawa mwingine kesho, semeni leo. Meli kubwa ina sitaha zaidi ya kumi na chupa haitembei yenyewe. Mkikumbuka mkiwa mmeshakaa, nyama itafika kabla ya mvinyo. Nyekundu iliyolala kwenye friji iombeni itolewe mara mnapoingia, isije mezani baridi kama soda. Na msiiache zaidi ya siku tatu. Ikianza kunukia siki, mwambieni mhudumu, ila kwa chupa mliyoilaza wenyewe siku nne msitarajie kupewa nyingine.

Hatua ya 8: Lini kununua

Kabla ya kupanda, kama unanunua. Bei za mtandaoni kabla ya safari mara nyingi huwa chini ya za melini, na hupanda na kushuka. Royal Caribbean hukuruhusu kufuta na kununua upya bei ikishuka kabla ya kuondoka, kwa hiyo chungulia mara kwa mara. Kama hujaamua, panda bila kitu. Kununua glasi moja moja jioni mbili za kwanza kutakuonyesha kiwango chenu cha juu, maana jioni hizo ndizo watu huzidisha, ingawa muulize mapema siku ya mwisho ya kuuza vifurushi, maana kwingine dirisha hufungwa siku ya pili.

Kila kitu kinaingia kwenye akaunti ya chumba, na kadi ya benki uliyoisajili ndiyo inayokatwa. Ukitumia kadi ya akaunti ya kawaida (debit), meli inaweza kuzuia kiasi cha pesa kila siku kabla ya bili ya mwisho, na pesa hizo huwezi kuzitumia mpaka benki iziachilie. Fungua bili kwenye programu kila jioni. Ukiona glasi iliyotozwa ilhali ilitoka kwenye chupa yenu, nenda dawati la wageni kesho yake asubuhi. Usingoje usiku wa mwisho. Foleni yake huwa inafika kwenye lifti.